Dawa ya Meno Iache Kwenye Meno

"Fundi, hereni hii niliisugua kwa dawa ya meno ikang'aa kama mpya, mbona sasa imekuwa nyeusi kuliko mwanzo?" Swali hili halichoki kuulizwa. Muulizaji, awe ametoka Mwanjelwa ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa, huwa ameshika hereni ya fedha iliyotengenezwa kwa mkono, na ndani ya nakshi mna unga mweupe uliokauka. Basi tulimalize leo.

Dawa ya meno hung'arisha kwa kukwangua. Ndani yake mna unga wa kusugulia, mara nyingi wa silika au wa chokaa, uliokusudiwa jino. Gamba la nje la jino lina ugumu wa takriban 5 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho 1 ni laini kabisa na 10 ni almasi. Fedha na dhahabu ziko kati ya 2.5 na 3. Kisicholiumiza jino kinaila fedha. Mng'ao wa siku ya kwanza ni wa kweli, ila umeupata kwa kuondoa weusi pamoja na utando wa fedha yenyewe, na umebaki na mikwaruzo midogo ambayo jicho haliioni. Mikwaruzo hiyo hushika jasho na vumbi na kuipa hewa mahali pengi zaidi pa kugusa. Ndiyo maana weusi hurudi mbio.

Pambo lililotengenezwa kwa mkono huumia kuliko la kiwandani. Alama za nyundo na mistari ya nakshi vina kingo, na kingo ndizo zinazoisha kwanza. Ule weusi wa ndani ya michoro mara nyingi fundi aliuweka makusudi kwa salfa ili nakshi isomeke. Mteja anaufuta jioni nzima akidhani ni uchafu, kisha analalamika kwamba pambo "limekufa". Kama ni shaba iliyopakwa dhahabu juu, ukisugua mara chache tu shaba itaanza kuchungulia. Na dawa ya meno ya jeli haina nafuu: nayo ina silika. Majivu na mchanga laini ni ndugu zake wakubwa.

Usafi wa kawaida hauhitaji ujanja. Chukua kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kama mililita 250, na matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ya unga iache: chembe zisizoyeyuka hukwaruza. Loweka dakika 5 hadi 10, kisha pitisha mswaki laini wa mtoto, mpya. Sugua nyuma ya jiwe, si mbele tu, kwa sababu mafuta ya kujipaka hujazana nyuma, na jiwe linalosemwa "limefifia" kwa kawaida limezibwa huko. Suuza ndani ya bakuli la pili; vijiwe vinapenda sana tundu la sinki. Futa kwa kitambaa cha pamba, uliache pambo juu ya taulo saa nzima ndipo ulihifadhi. Msimu wa vumbi, Agosti hadi Oktoba, usianze na kitambaa kikavu. Vumbi lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7, na tanzanaiti ni 6 hadi 7 tu. Suuza kwanza.

Fedha ikishakuwa nyeusi, sabuni haitoshi, kwa kuwa weusi ule ni salfaidi ya fedha: salfa ya hewani, ya jasho, ya moshi wa mafuta ya taa na wa makaa ya mawe, imeungana na metali. Tandika foili ya aluminiamu, ile ya kufungia chakula, ndani ya bakuli la kioo au la udongo. Weka kijiko kimoja cha chakula cha bikaboneti, soda ile ya kuokea keki, mimina kikombe cha maji ya moto, laza pambo liguse foili. Dakika 2 hadi 5 zinatosha. Utasikia harufu ya yai viza. Hiyo ni salfa inaiacha fedha na kuhamia kwenye aluminiamu. Hapa huikwangui fedha, unairudisha. Suuza, kausha. Visiingie humo lulu, tanzanaiti, jiwe lililobandikwa kwa gundi, wala pambo lenye weusi wa makusudi.

Sikiliza vizuri hapa. Kuna wanaoambiwa "soda" wakaenda kwa wauza malighafi za sabuni na kurudi na kostiki, soda kali ya kutengenezea sabuni. Kostiki ikikutana na maji ya moto na foili huchemka yenyewe, hutoa haidrojeni inayoshika moto na kurusha matone yanayounguza jicho. Ukiwa na shaka na kipakiti, usikifungue.

Sasa tuje kwenye imani nyingine zinazosikika. "Ndimu na chumvi havidhuru, ni vya asili." Kwa bangili ya shaba isiyo na jiwe, sawa: dakika moja, suuza, osha kwa sabuni. Kwa lulu, kombe, marijani au malakaiti, lile jiwe la kijani, hapana. Vyote vina kabonati, na asidi huvitafuna huku unaangalia.

"Dawa ya klorini ya nguo nyeupe huua wadudu, basi husafisha na pete." Klorini hushambulia metali zinazochanganywa na dhahabu. Vikucha vinavyoshika jiwe huingia nyufa, vinakatika, jiwe linaanguka sokoni. Vua pete kabla ya kufua.

"Kidole kimekuwa kijani, nimeuziwa feki." Siyo lazima. Fedha ya 925 ina sehemu 75 kati ya 1,000 ambazo kwa kawaida ni shaba, na dhahabu ya karati 9 ni asilimia 37.5 tu dhahabu. Shaba, jasho na losheni vikikutana, kijani kinatoka. Osha pete na kidole, kausha vyote. Kupaka rangi ya kucha ndani ya pete husaidia siku chache, kisha hubanduka na kunasa unyevu.

"Shanga huoshwa kama nguo." Kioo hakina neno, uzi ndio una neno. Uzi wa pamba hulegea na kuoza, waya hushika kutu kutoka ndani. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kausha ukiwa umeulaza mkufu, usiutundike na maji yake. Pembe, mfupa na mbegu visilowekwe kabisa.

Kuna moja inayosikika zaidi kwa watu wa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu: pete ya dhahabu imegeuka nyeupe, basi mwenyewe anaamini alitapeliwa tangu mwanzo. Hapana. Ni zebaki, ile ya kukamatia dhahabu machimboni. Dhahabu huinywa zebaki papo hapo, kwa kugusana au kwa mvuke wake inapochomwa. Usiikwangue, na kwa vyovyote usiiweke kwenye jiko la mkaa, kwa kuwa mvuke utakaotoka ni sumu kwa kila aliye jikoni. Ifunge peke yake kwenye kichupa, umpelekee sonara mwenye mahali pa kutolea moshi, na umwambie wazi kabla hajaishika.

Uhifadhi nao una imani zake, hasa ya kisanduku kimoja kwa kila kitu, na kitambaa cha sufu ndani eti "kiwe laini". Sufu ina salfa. Raba bendi pia. Kila pambo la fedha lipate kifuko chake cha plastiki chenye zipu, ubane hewa itoke, na utie kile kipakiti cha chembechembe kinachokuja na viatu vipya. Kukikosa, kipande cha chaki, ubadilishe kila mwezi. Kwa Tukuyu wakati wa mvua, badilisha kila wiki mbili. Lulu na ngozi usizifungie kwenye plastiki: lulu hukauka na kupasuka, ngozi huota ukungu. Zifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kuachiwa sabuni, uziweke kabatini mbali na ukuta wa nje, kwa sababu ukuta huo ndio hutoa jasho Juni na Julai.