Sauti ya Hank Williams haikubuniwa na kompyuta
Wengi wakisikia albamu ya Three Hanks ya mwaka 1996 hudhani watatu hao, yaani Hank Williams, mwanawe Hank Williams Jr. na mjukuu wake Hank Williams III, waliingia studio pamoja, au kwamba akili mnemba imemuiga marehemu. Si kweli. Hank Williams, nguli wa muziki wa kantri wa Marekani, alifariki tarehe 1 Januari 1953 akiwa na miaka 29. Mwanawe alikuwa na miaka 3 tu. Mjukuu alizaliwa 1972, hakumwona kabisa.

Sauti ya babu ni yake mwenyewe, kutoka rekodi za zamani za mono, yaani zenye sauti zote katika mkondo mmoja. Mwana na mjukuu waliongeza zao miongo kadhaa baadaye. Marehemu alipovuta neno, nao ilibidi walivute vilevile. Hapo ndipo ninapouona ufundi wao.