Mzio wa kontrasti ya CT scan: vidonge vya kinga huanza jana yake

Katika chumba cha CT scan, swali moja huulizwa kabla ya sindano: umewahi kuchomwa dawa hii ikakudhuru? Wagonjwa wengi hujibu hapana upesi ili kipimo kisiahirishwe. Naomba sana swali hili lijibiwe kwa ukweli, tena mapema, siku unapopangiwa kipimo, kwa sababu kinga tuliyonayo inahitaji saa nyingi kufanya kazi.

Kontrasti ni dawa yenye madini joto inayopitishwa kwenye mshipa ili mishipa ya damu, ini, figo au uvimbe uonekane vizuri kwenye picha. Ikiingia, mwili hupata joto ghafla, mdomo huwa na ladha ya chuma, na wengine huhisi kama wamejikojolea. Hayo ni ya kawaida na hupita baada ya dakika chache. Mzio ni vipele vinavyowasha, kuvimba uso au koo, kifua kubana, au shinikizo la damu kushuka. Kwa kontrasti za siku hizi humpata chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, na ule mkali ni takriban wagonjwa 4 kati ya 10,000.

Aliye hatarini zaidi ni yule ambaye kontrasti ya aina hiyohiyo iliwahi kumletea mzio. Aleji ya kamba au kaa haimzuii mtu kuchomwa, ingawa bado wapo wanaorudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Kinachowadhuru hao ni protini iliyo kwenye nyama ya kamba. Madini joto tunayala kila siku kwenye chumvi.

Kwa aliyewahi kupata mzio, ratiba ya vidonge vya kinga inayotumika sana ni prednisoloni (aina ya steroidi, dawa inayotuliza mzio) miligramu 50, saa 13, saa 7 na saa 1 kabla ya sindano, pamoja na antihistamini (dawa ya aleji) saa 1 kabla. Kwa kipimo cha saa nne asubuhi, dozi ya kwanza ni saa tatu usiku wa jana yake, ya pili saa tisa usiku, ya tatu saa tatu asubuhi. Hiyo ya saa tisa ndiyo watu huipitisha wakiwa usingizini, kwa hiyo tega kengele ya simu. Kidonge kinachopatikana kwa wingi ni cha miligramu 5, maana yake unameza kumi kwa mpigo. Ukiona ni vingi mno, mpigie aliyekuandikia, usipunguze mwenyewe. Mwenye kisukari aseme mapema, maana dawa hii hupandisha sukari. Antihistamini nyingine huleta usingizi, basi usije ukiendesha gari wala bodaboda.

Kwa dharura, kipimo kisipoweza kusubiri, tunatumia haidrokotisoni ya sindano, nayo ni steroidi, miligramu 200 kila baada ya saa 4 hadi kipimo kifanyike. Steroidi ikitolewa chini ya saa 4 kabla ya kontrasti, hatuna ushahidi kwamba inakinga.

Hata ratiba ikifuatwa barabara, wachache bado hupata mzio. Ndiyo maana sindano ya adrenalini lazima iwe karibu, na ndiyo maana siku hizi tunatilia mkazo zaidi kubadilisha aina ya kontrasti. Kwa mfano, aliyedhurika na kontrasti iitwayo iohexol anaweza kupewa nyingine iitwayo iopamidol. Kwa mzio mdogo uliopita, kubadilisha huko mara nyingi hutosha bila vidonge. Kwa mzio mkali, kwanza tunauliza kama ultrasaundi au picha isiyo na kontrasti inaweza kujibu swali la daktari.

Lakini hatuwezi kubadilisha tusichokijua. Ukipata mzio, omba uandikiwe jina la kontrasti, tarehe, dalili zilizotokea na matibabu uliyopewa, ukitunze pamoja na kadi yako ya kliniki.

Baada ya sindano, kaa hospitalini nusu saa hivi kabla ya kuondoka. Vipele vinaweza kutokea hata ndani ya wiki moja. Vikitokea rudi uonwe, na ukianza kupumua kwa shida usisubiri kuche.