Kujifunza kwa kucheza ni nini hasa?

Pita karibu na chekechea ya Igoma au Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi, utasikia watoto wakiimba "ma, me, mi, mo, mu". Wengi tunaita huko kujifunza kwa kucheza. Bado. Huo ni wimbo wa kukariri, na mtoto anaweza kuuimba mwaka mzima asijue kwamba "mo" ya wimboni ndiyo ile ile iliyo kwenye "moto" na "moshi".

Kujifunza kwa kucheza ni pale mchezo wenyewe unapobeba somo, kiasi kwamba mtoto hawezi kuucheza bila kulitumia. Mwalimu anachora miduara mchangani, anaandika "sa", "da", "ka". Watoto wanashindana kupeleka vitu: picha ya sato, dagaa mkavu, kipande cha kamba. Anayepeleka dagaa kwenye "sa" anacheka na kurudi, na hapo ndipo anasoma. Kiswahili kimetupendelea: silabi nyingi huishia na irabu na huandikwa zinavyotamkwa.

Kuna lile tatizo letu la R na L. Wengi waliokulia kwenye Kisukuma huzichanganya (hata sisi wakubwa, tusijifiche). Usimcheke mtoto. Mpe mchezo: akisikia "kula" apeleke mkono mdomoni, akisikia "kura" aunyooshe juu. Sikio likishatofautisha, ulimi hufuata taratibu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifanya angalau mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na wazazi wengi tangu hapo wanadai madaftari yaliyojaa. Mimi ningedai michezo zaidi, hasa kwa ajili ya usalama.

"Usiongee na mtu usiyemjua" nayo ni kukariri tu. Tena wanaowadhuru watoto mara nyingi ni watu wanaowafahamu. Basi mwalimu avae kofia, awe mjomba: "Mama kaniagiza nikuchukue, twende mwaloni, kwenye mitumbwi." Mtoto ajibu: "Neno la nyumbani ni lipi?" Kila familia iwe na neno lake la siri, asiyelijua, mtoto haondoki naye. Anapiga kelele, anakimbilia kwa mtu mzima aliyekubaliwa. Warudie mara nyingi, wabadilishane nafasi. Mtoto aliyelelewa kumwamkia na kumtii kila mkubwa hatamki "sitaki" kirahisi siku ya hatari kama mdomo wake haujawahi kulitamka. Kuna wazazi wanaoona huko ni kufundisha utovu wa adabu. Nawaelewa, ila shikamoo na "sitaki" vinaweza kukaa kwenye mdomo mmoja.

Ziwani vivyo hivyo. Chora mstari: huku nchi kavu, kule maji. Mchezaji havuki mpaka mkubwa amshike mkono. Akivuka peke yake, katoka. Mama anayeanika dagaa mwaloni hawezi kumtazama mtoto kila dakika, na maji hayasubiri.

Kisha kuna simu za udongo, ambazo watoto hufinyanga bila kuambiwa. Waandike juu yake kwa kijiti 1, 1 na 6, namba ya bure ya Simu kwa Mtoto, huduma ya kuwasaidia watoto walio hatarini. Mmoja anapiga, mwingine anapokea: "Unaitwa nani? Uko wapi?" Wa kwanza mara nyingi hujibu "nyumbani". Mpokeaji anauliza tena: "Nyumbani wapi?"