Jina la Marekani, chuma cha Italia

Simu ililia nikiwa karakana, Kirumba, mikono imejaa grisi. Mama mmoja wa Capri Point. "Fundi, panya wamekula mpira wa mlango wa mashine yangu ya kufulia. Mashine yenyewe ni ya Kimarekani, marehemu mume wangu alikuja nayo kutoka Uingereza. Kwa hiyo usiniletee spea za kubahatisha."

Mpira wa mlango, ile raba ya duara inayozuia maji yasimwagike ukifungua na kufunga, hauna ujanja. Beringi nitaipima kwa kalipa na kuipata Mwanza hapa hapa, maana saizi zake ni za dunia nzima. Mkanda nitaulinganisha na mwingine. Mpira wa mlango unakaa kwenye mdomo wa mashine iliyozaliwa nao tu, ukizidi milimita tano unavuja, ukipungua haupandi. Kwa hiyo kabla ya kuagiza lazima nijue nani aliitengeneza mashine. Nimesema aliyeitengeneza. Aliyeandika jina lake mbele ni suala jingine, na sehemu kubwa ya makala hii ni kuhusu tofauti hiyo.

Nilipofika, baada ya shikamoo na chai, mama akanipeleka jikoni na kufungua mlango wa kabati. Mlango wa mninga, mzito, kazi ya seremala wa hapa mjini. Nyuma yake ndipo mashine ilipojificha. Hii ni aina ya kujengewa ndani ya kabati: mbele ina sehemu mbili za kufungia bawaba za mlango wa mbao, chini kuna nafasi ya ubao wa kuficha miguu, na kimo chake ni kama sentimita 82, wakati mashine ya kusimama peke yake hufika 85. Mashine za namna hii ni ngumu kuzitambua kuliko nyingine zote, kwa sababu aliyeziuza alijua hakuna mgeni atakayeona nembo. Jina huwekwa dogo, kwenye ukanda wa vitufe, mahali ambapo vidole vyenye sabuni hupita kila siku. Hapa zilibaki herufi nne: "ndix".

"Bendix," mama akasema. "Si nilikwambia? Ya Kimarekani."

Sikubisha. Nikauliza tu kama naweza kuitoa.

Hapo ndipo asubuhi yangu ilipoliwa. Jikoni liliwekwa vigae upya miaka michache iliyopita, na fundi vigae, Mungu amsamehe, aliiacha mashine pale pale akaizungushia kazi yake. Sakafu ikapanda karibu sentimita mbili mbele ya miguu. Mashine haivutiki. Na hizi si nyepesi: ndani mna vipande vya zege vya kuituliza wakati wa kukamua, kwa hiyo watu wawili wenye nguvu huishia kulaumiana. Dawa yake ni kulala kifudifudi na spana, kufungua nati za miguu ya mbele na kuizungusha hadi ishuke kabisa, mashine ikajiinua kichwa, halafu kusukuma ubao uliopakwa sabuni ya mche chini yake. Kijana wangu alivuta, mimi nikainua kwa nondo. Saa moja na nusu. Kama unajenga jiko sasa hivi, mwambie fundi vigae apitishe vigae mpaka ukutani, chini ya mashine pia.

Ikatoka. Nikaanza kuisoma.

Cha kwanza ninachokitazama nyuma ni mipira ya kuingiza maji. Ilikuwa na midomo miwili, mwekundu na wa bluu. Mwekundu ulikuwa umezibwa kwa kifuniko. Mashine inayopokea maji ya moto na ya baridi kwa mipira tofauti, kwa miaka hiyo, ilitengenezwa kwa soko la Uingereza. Za Ulaya bara zilikuwa zinaingiza maji ya baridi tu na kuyachemsha zenyewe.

Kisha nikatazama vali ya maji ya baridi. Ilikuwa na njia tatu za kutokea. Mbili ni za droo ya sabuni. Ya tatu, yenye mpira mwembamba, ilipanda hadi kwenye bomba pana la plastiki nyuma ya pipa. Hilo ndilo tumbo la kukaushia. Mashine inayofua na kukausha humo humo haina bomba la kutoa mvuke nje kama kikaushio cha kawaida. Feni hupuliza hewa iliyopita kwenye hita ndani ya pipa, hewa inabeba unyevu wa nguo, inapita kwenye lile bomba pana, na humo inakutana na maji ya baridi yanayochuruzika. Mvuke unageuka maji, pampu inayatupa, hewa inarudi kwenye hita. Maana yake mashine inatumia maji hata wakati wa kukausha.

Nilimuuliza mama kama huwa anafunga koki akishamaliza kufua. "Huwa nafunga, nani anaacha maji wazi?" Na je, inakausha vizuri? "Haijawahi kukausha vizuri hata siku moja." Nimekwenda nyumba nyingi Isamilo na Bwiru kwa malalamiko hayo hayo, mashine nzima kabisa, koki imefungwa. Jambo la pili linalowakwaza watu ni kwamba hizi hukausha karibu nusu tu ya zinachofua. Ukijaza kilo tano ukaacha ziendelee moja kwa moja hadi kukausha, utazitoa za moto na zenye majimaji, zimekunjamana kama karatasi.

Tuendelee. Bamba la taarifa lilikuwa kwenye ukingo wa mlango, upande wa ndani, limeliwa na sabuni. Usilisugue. Zima taa, lala na tochi upande mmoja ili mwanga upite sambamba na chuma, kisha piga picha kwa simu na uikuze. Herufi zilizofutika kwa macho hujitokeza kama makovu. Nikasoma: 240 V, 50 Hz. Alama ya BEAB. Na chini kabisa, Made in Italy.

Mashine ya soko la Marekani ingeandikwa 60 Hz, kwa hiyo Umarekani uliishia pale. Ile 240 nayo inaeleza zaidi ya watu wanavyodhani. Uingereza ilikuwa na volti 240 na Ulaya bara 220, mpaka wote walipofikia kuandika 230 katikati ya miaka ya 1990. BEAB ni alama ya upimaji wa usalama ya Waingereza. Waitalia wana IMQ, Wajerumani VDE. Alama ya CE haikuwepo kabisa, wakati kuanzia 1997 vifaa vya umeme vya namna hii havikuruhusiwa kuuzwa Ulaya bila hiyo. Kwa hiyo nina mashine ya Kiitalia, iliyotengenezwa kwa ajili ya Waingereza, kabla ya katikati ya miaka ya 1990.

Italia ya wakati huo ilikuwa kama soko la Kirumba kwa dagaa: mashine za kufulia zilitoka huko kwa mafungu, na kila mnunuzi akabandika jina lake. Viwanda vikubwa nilivyovifikiria ni vitatu. Candy ya Brugherio. Merloni wa Fabriano, wenye Ariston na, tangu 1987, Indesit. Na Zanussi ya Pordenone, kampuni iliyoanzishwa 1916 na Antonio Zanussi kwa kutengeneza majiko ya kuni, ambayo nyumbani kwao Italia mashine zake ziliuzwa kwa jina la Rex.

Hapa nitaje kosa langu mwenyewe, la miaka ya mwanzo. Nilifungua mashine isiyo na jina, nikaona pampu imeandikwa Plaset, nikadhani nimempata mtengenezaji. Nikahangaika siku nne kutafuta mpira wa mlango wa "mashine ya Plaset". Plaset walikuwa watengeneza pampu wa Italia. Askoll pia. Elbi na Eltek wanatengeneza vali, Crouzet wa Ufaransa taima, E.G.O. wa Ujerumani vipima joto. Wote hao waliuzia kila kiwanda. Ni sawa na kuona tairi la Yokohama ukasema gari ni Yokohama. Mteja wangu wa siku ile alisubiri, mwishowe nikamrudishia hela yake na aibu juu.

Sasa nina desturi. Kilichobandikwa nakiamini kidogo, kilichofungwa kwa skrubu nakiamini kiasi, kilichotoka kwenye kalibu pamoja na mwili wa mashine ndicho ninachokula nacho kiapo. Mota ya mama iliandikwa Sole, ambao ni watu wa Pordenone. Dalili nzuri, lakini mota hubadilishwa, na Sole nao waliuza nje ya nyumba yao. Nikaiweka pembeni.

Nikavuta droo ya sabuni na kuigeuza. Chini ya plastiki palikuwa na kiduara kama uso wa saa: namba 1 hadi 12 pembeni, mshale katikati, na tarakimu mbili kando ya mshale. Watengeneza plastiki huweka saa hiyo ndani ya kalibu ili wajue kipande kilimwagwa lini. Mshale ulielekea 11, tarakimu zilikuwa 88. Novemba 1988. Droo inaweza kubadilishwa pia, ndiyo, kwa hiyo nikatafuta saa nyingine kwenye lile bomba pana la kukaushia, ambalo hakuna mtu hulibadilisha bila sababu. Nalo 88.

Nikarudi kwenye picha ya bamba. Namba ya bidhaa ilikuwa ya tarakimu tisa, ikianza na 914. Kundi la Electrolux, wenye Zanussi, hutumia mtindo huo, na 914 ni ya mashine za kufulia. Namba ya mfululizo ilianza na 914 pia, jambo lililonichanganya dakika nzima mpaka nikakumbuka kwamba hiyo husomwa kwa njia yake: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, mbili zinazofuata ni wiki. Tisa, wiki ya 14. Peke yake ingeweza kuwa 1979 au 1999. Lakini plastiki ya mwishoni mwa 1988 na volti 240 bila CE zinaiweka Aprili 1989 bila ubishi.

Na mwaka huo ndio ufunguo wa lile jina. Bendix Home Appliances walikuwa South Bend, Indiana. Mwaka 1937 walianza kuuza mashine ya kufulia ya nyumbani inayojiendesha, yenye mlango wa mbele, ambayo ilibidi ifungwe kwa bolti sakafuni isije ikatembea. Jina likapendwa, likavuka bahari, na Uingereza likaishia mikononi mwa kampuni ya Thorn EMI. Electrolux wa Sweden waliinunua Zanussi mwaka 1984. Mwaka 1987 wakanunua vifaa vya nyumbani vya Thorn EMI, Bendix ikiwamo. Kwa hiyo ilipofika 1989, jina la Kimarekani lililolelewa Uingereza na kiwanda cha Porcia, pembeni ya Pordenone, vilikuwa vya tajiri mmoja. Mashine ya mama ni Zanussi iliyovaa kanzu ya Bendix.

Uthibitisho wa mwisho ulitoka kwa panya wenyewe. Walikuwa wamekula sehemu ya chini ya mpira, kule maji na mabaki ya sabuni yanakotuama. Sehemu ya juu waliiacha, na huko ndiko namba ya kipande ilikuwa imechomoza kwenye raba. Niliitafuta kwenye orodha ya spea za kundi hilo, ikalingana.

Kitu kimoja zaidi, ambacho hakikuhitajika kwa kazi ila kilinifurahisha. Nilipochomoa hita ya maji, ilikuwa imevaa ukoko wa chokaa mgumu kama ganda la yai, tabaka juu ya tabaka. Maji ya Ziwa Victoria ni laini. Hita za Mwanza hutoka na tope na weusi, si chokaa cha namna hiyo. "Mlikuwa mnaishi London?" nikamuuliza. Akashangaa nimejuaje. Maji ya London ni magumu, yanaandika kwenye chuma.

Mama alinisikiliza yote hayo akiwa ameegemea sinki, mikono kifuani. Nilipomaliza akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo marehemu alinidanganya?"

"Hakukudanganya, mama. Jina lilitoka Marekani kweli."

"Na mashine Italia."

"Italia."

Akaangalia lile shimo ukutani panapopita bomba la maji machafu, ambalo nilikuwa nimeshaanza kulijaza stili wulu na saruji.

"Na panya?"

"Panya ni wa hapa hapa, mama."