Mkanda Ukilia, Si Lazima Mkanda Ndio Wenye Kosa

Gari likianza kulia asubuhi hapa Malindi, ushauri haukosi. Jirani atakwambia ununue mkanda mpya wa injini. Dereva aliyeegesha pembeni atasema upake sabuni. Fundi mwenye haraka atakaza boliti ya altaneta, kifaa kinachochaji betri, mpaka kelele inyamaze, apokee chake aondoke. Wote wamesikia sauti ileile, na hakuna aliyeitafuta inakotoka. Naandika haya kwa sababu nauona uchungu wa watu wanaonunua kifaa baada ya kifaa, na gari bado linalia.

Dhana inayokula pesa za wengi ni hii: "Mkanda unalia, basi mkanda umekwisha." Ukweli ni kwamba mkanda ni mpira, na hulia unapoteleza juu ya puli (magurudumu madogo unayoyazungusha) au unapoingia kwenye puli ukiwa upande. Kinachoufanya uteleze kinaweza kuwa tenshena (kifaa kinachoukaza mkanda) iliyochoka, beringi ya altaneta (gololi zinazoiwezesha kuzunguka) iliyoanza kukaza, au oili na maji ya radieta yanayoudondokea kutoka juu. Ukifunga mpya bila kugusa chanzo, mpira mpya utashika vizuri kwa muda, utafurahi, halafu kelele itarudi.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote cha gereji. Chukua chupa ya maji safi, toboa kifuniko chake, washa injini, kisha rushia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji. Kelele ikipotea kwa sekunde chache halafu ikarudi, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Hilo hutokea, kwa mfano, altaneta ya mtumba inapofungwa bila washa yake (kile kipete cha chuma cha boliti), ikakaa ndani au nje kidogo kuliko wenzake. Kelele ikizidi palepale maji yanapogusa, mkanda unateleza: umelegea, au tenshena haina nguvu tena. Isipobadilika hata kidogo, uache mkanda, anza kuzishuku beringi. Chupa moja ya maji, na tayari umejua uende upande gani.

Sasa hiyo sabuni. Wengine hupaka grisi, wengine oili ya kupulizia. Kelele hunyamaza kweli, lakini hiyo ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Oili hulainisha mpira na kuuvimbisha, na mkanda unaoteleza kimyakimya ni mbaya kuliko unaolia, kwa sababu betri haichajiwi sawasawa na pampu ya maji haizunguki inavyopaswa, nawe huna habari. Mkanda ulioloa oili ubadilishwe, baada ya kuziba panapovuja na kusafisha puli.

"Unalia asubuhi tu, ukipata moto unanyamaza, si kitu." Hapa kuna nusu ya ukweli. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na gari likilala nje, hasa masika, mkanda huamka umelowa. Isitoshe, mara tu baada ya kuwasha, altaneta inarudishia betri umeme uliotumika kuamsha injini, kwa hiyo dakika hizo za mwanzo ndizo mkanda unafanya kazi nzito zaidi. Mlio wa sekunde chache siku ya mvua haustahili kukunyima usingizi. Ukisikia kila wiki unachukua muda mrefu zaidi kunyamaza, mkanda au tenshena inakuaga. Na gari lililoegeshwa wiki kadhaa karibu na bahari lina jambo lake: mifereji ya puli za chuma hushika kutu, na kutu hiyo huukwangua mkanda kila unapozunguka. Mulika tochi. Ukiona unga wa rangi ya matofali, safisha puli kwanza kabla ya kununua chochote.

Wapo wanaotazama mkanda, wasione nyufa, wakasema ni mzima. Kwa mikanda ya zamani walikuwa sahihi. Mingi ya siku hizi hutengenezwa kwa mpira unaoitwa EPDM, na huo hauchaniki upesi. Huisha kama tairi, mifereji ikiliwa taratibu huku uso ukionekana mzuri. Pitisha kucha kwenye mfereji na ulinganishe na mkanda mpya dukani.

Kukaza kupita kiasi ndiko kunakoniuma zaidi, maana hufanywa kama tiba. Mkanda uliovutwa sana huzikandamiza beringi za altaneta na pampu ya maji saa zote. Pampu ikikufia baada ya daraja la Sabaki, ukielekea Garsen kwenye jua la mchana, injini itachemka, na bei yake haitalingana na ya mkanda.

Halafu si kila mlio ni wa mkanda. Zungusha usukani mpaka mwisho: kelele ikija hapo, tazama pampu ya usukani na mkanda wake. Washa AC: ikija hapo, mzigo wa kompresa ndio unaoiamsha. Ikifuata mwendo wa magurudumu badala ya mngurumo wa injini, nenda kwenye breki. Mluzi mwembamba usiokoma mara nyingi ni hewa inayopenya kwenye paipu iliyopasuka.

Beringi inayokufa hukwaruza au kunguruma. Mafundi huisikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye mwili wa kifaa na mpini kwenye sikio. Kipande cha paipu ya mpira ni salama zaidi. Tafadhali, usiiname juu ya injini inayozunguka ukiwa na kikoi kinachoning'inia au leso begani, na ukumbuke kwamba feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Ukishindwa kabisa, zima injini, toa mkanda, kisha zungusha kila puli kwa mkono. Nzima huzunguka kimya. Mbovu utaihisi inakwaruza au inacheza. Unaweza kuwasha injini bila mkanda kwa muda usiozidi nusu dakika, kwani kwa magari mengi pampu ya maji hutegemea mkanda huohuo. Kelele ikiwa imepotea, chanzo ni mkanda au kimojawapo cha vifaa unavyovizungusha. Ikibaki, inatoka ndani, pengine kwenye tenshena ya mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni. Hapo usiliendeshe tena, mwite fundi alikague lilipo. Kwa injini nyingi mkanda huo ukikatika, valvu hugongana na pistoni.