Hadithi ya kutisha inapotoka kitabuni kuingia runingani

Likizo ikikaribia, wazazi wanaoleta watoto maktabani kwetu hapa Kisumu hutuuliza: mtoto anayesoma vitabu vya kutisha bila wasiwasi, anaweza kuonyeshwa filamu yake? Tunawajibu kwamba kitabu na filamu havitishi kwa njia moja, hata vikibeba jina moja.

Chukua Goosebumps, vitabu vya Mmarekani R.L. Stine vilivyoanza kutoka mwaka 1992. Mfululizo wa kwanza pekee ulifika vitabu 62. Kabla ya hapo Stine alikuwa akiwaandikia watoto vichekesho, na ujuzi huo unaonekana. Sura inaishia mkono umeshika bega la mtu gizani. Ukifunua ukurasa, huenda ni rafiki tu anayefanya mzaha. Msomaji mdogo ndiye anayeamua afunue lini. Akizidiwa, anafunga kitabu na kwenda kucheza. Dubwana lenyewe analichora kichwani mwake, kwa kiasi anachokimudu.

Filamu humnyang'anya hayo yote. Sura ya dubwana imeshachorwa na watu wazima, na hadithi haimsubiri. Halafu kuna sauti. Mwangalie mtoto muziki unaponyamaza ghafla: mara nyingi ataziba masikio kabla ya macho, maana ameshajua kishindo kinakuja. Ndiyo maana kupunguza sauti kwa rimoti husaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Waliotengeneza filamu ya Goosebumps ya mwaka 2015, wakiongozwa na Rob Letterman, hawakuchagua kitabu kimojawapo. Walimgeuza mwandishi mwenyewe kuwa mhusika, wakampa nafasi hiyo mchekeshaji Jack Black, kisha wakayaachilia madubwana yatoroke kwenye miswada iliyokuwa imefungwa kwa kufuli. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa busara. Madubwana yakija kwa wingi, kila moja hupata muda mfupi, na vijana wanayakimbia wakiwa pamoja. Ule woga wa polepole wa kitabuni unapungua, ni kweli, lakini nyanya na mjukuu wanaweza kuitazama wakiwa kiti kimoja. Wazee wetu walilijua jambo hili: katika siwindhe ya Waluo, yaani nyumba ya nyanya walimolala watoto, zimwi lilisimuliwa usiku, ila msimulizi alikuwa nyanya na watoto wamembana kila upande.

Umri nao una uzito wake. Mtoto wa chini ya miaka 7 hivi huogopa zaidi kile anachokiona: meno, macho, sura mbaya. Kumwambia "si kweli, ni filamu" hakumtulizi sana. Mpakate, mpe leso ajifunike, au zima kabisa. Aliyevuka umri huo anaelewa ukimweleza jinsi kinyago kinavyotengenezwa, ila yeye hutishwa zaidi na mambo yanayoweza kutokea kweli, kama mtoto kupotea.

Angalia pia alama ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya. PG, yaani mwongozo wa mzazi, inamshauri mzazi amwongoze mtoto; kumwachia dada wa kazi runinga nawe ukaenda sokoni si kuongoza. Tazameni mchana, na ikiwezekana asome kitabu kwanza.

Akiomba taa iwake usiku huo, iache iwake. Lakini hofu ikimnyima usingizi kwa wiki kadhaa, au akaanza kukataa chakula na shule, mpeleke kituo cha afya, na umweleze mhudumu alichokitazama.