Pampu ya joto na boila: moja huchoma, nyingine hubeba

Weka mkono nyuma ya friji, au ubavuni kwa hizi za siku hizi, utakuta pana joto. Joto hilo halikutokana na umeme peke yake. Sehemu yake ilikuwa ndani, kwenye samaki na maziwa uliyoyaweka mchana, ikachotwa na kumwagwa jikoni. Friji haina baridi ya kutengeneza. Kazi yake ni kulitoa joto mahali lisipotakiwa na kulitupa kwingine.

Pampu ya joto ni friji hiyohiyo iliyogeuzwa. Upande wake wa baridi umewekwa uani, upande wa joto umeingizwa ndani ya nyumba. Aliyekaa Dar es Salaam au Mombasa ameshaiona kwa sura nyingine: lile sanduku la AC ukutani nje, linalopuliza fukuto usoni mwa wapita njia. Rimoti za AC nyingi zina hata alama ya jua, ya kuleta joto ndani, ambayo kule hakuna mwenye sababu ya kuichagua.

Uingereza sababu ipo. Nyumba nyingi sana huko hupashwa joto na boila ya gesi, na sasa wenye nyumba wanaulizwa, boila ikizeeka, kama hawataki kuweka pampu badala yake. Swali linawafikia pia ndugu zetu walionunua nyumba Leicester, Reading au London, na majibu wanayopewa mengi ni ya ushabiki: huyu anaapa kwamba pampu haiwezi baridi, yule anasema boila ni ushamba.

Boila ni rahisi kueleza. Gesi inaingia, inawaka, moto unachemsha maji, maji yanazunguka kwenye radieta (ndugu ya rejeta ya gari, ila hii imetundikwa ukutani). Uniti moja ya gesi (huhesabiwa kwa kilowati-saa, kama ya umeme) ikichomwa kwenye boila nzuri hukupa kama asilimia 90 ya joto lake, na kinachobaki kinatoka kwenye kibomba cha ukutani, ule mvuke mweupe unaouona asubuhi za baridi. Hata boila ingekuwa bora kiasi gani, haiwezi kukupa joto zaidi ya lililokuwamo kwenye gesi.

Pampu haichomi kitu. Ndani ya mabomba yake mna kitu kinachochemka upesi mno. Mashine nyingi mpya hutumia propani, ileile inayokuwamo kwenye mitungi ya gesi ya kupikia. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo hewa ya Leicester mwezi Januari, nyuzi 2 tu, ambayo wewe inakutetemesha, kwa propani ni jiko. Inachemka, inakuwa mvuke, na mvuke huo umelibeba joto la hewa ile. Kisha kompresa inaubana. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua kinachofuata: pampu hupata moto mkononi. Mvuke uliobanwa unayapitia maji ya radieta, unayaachia joto lake, unarudi kuwa kimiminika, unapenyezwa kwenye tundu jembamba, unapoa na kwenda nje tena.

Umeme unalipia kubana na kubeba tu. Ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuleta uniti tatu za joto ndani: moja umeinunua, mbili zimetoka uani. Si mazingaombwe wala si jambo jipya, maana mwanafizikia Lord Kelvin alilieleza wazo hili mwaka 1852, na ukumbi wa jiji la Zurich, Uswisi, ukawekewa pampu inayochota joto la mto Limmat mwaka 1938. Na wanaosema pampu haiwezi baridi waulize Norwei, ambako baridi ni kali kuliko ya Uingereza na mashine hizi zimejaa majumbani.

Kwa hiyo pampu ndiyo yenye gharama ndogo? Hapo ndipo hesabu inapovuruga ushabiki. Uingereza uniti ya umeme ni ghali mara nne hivi kuliko ya gesi. Tuseme umeme ni peni 25 na gesi peni 6, na nyumba yako inataka uniti 10,000 za joto kwa mwaka. Boila itachoma uniti 11,100 hivi, kama pauni 667. Pampu inayoleta tatu kwa moja itatumia uniti 3,333, kama pauni 833. Ikileta nne kwa moja, bili inashuka hadi pauni 625. Ukiikata gesi kabisa, ukapika kwa umeme pia, unaokoa na ile ada ya kila siku ya kuwa na mita ya gesi, pauni mia hivi kwa mwaka. Tofauti ya hasara na faida, basi, imekaa kwenye namba moja: hiyo tatu au nne inatoka wapi?

Inatoka kwenye kimo unachoitaka pampu ilipandishe joto. Kulitoa joto nyuzi 2 hadi 35 ni kama kupandisha ndoo ghorofa ya tatu, na kulifikisha 60 ni kuipeleka ya tano. Boila haijali, inapeleka maji ya nyuzi 65 au 70 bila kuhema. Pampu inajali sana. Ikipeleka maji ya 35 au 40 inakupa nne, ukiilazimisha 55 inashuka chini ya tatu. Sasa maji ya vuguvugu hayawezi kupasha chumba kwa radieta ndogo, kwa hiyo zinatakiwa kubwa zaidi, au mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu, na nyumba isiyovujisha joto. Nyumba ya matofali ya zama za Malkia Victoria, madirisha yanapiga mluzi na dari halina kitu cha kuzuia joto, humo pampu itakula pesa zako zote. Mimi ningeanza na dari kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote.

Tabia nayo hubadilika. Wenye boila wamezoea kuwasha asubuhi, kuzima, kuwasha jioni. Pampu inataka iachwe ifanye kazi polepole mchana kutwa. Mgeni akifika anagusa radieta, anakuta vuguvugu tu, anakuonea huruma kwamba mashine ni mbovu. Mwoneshe kipimajoto cha ukutani: nyuzi 20.

Mengine ni ya nafasi na fedha. Boila nyingi ndogo huchemsha maji ya kuoga papo kwa papo. Pampu inahitaji tangi, na kabati ambalo tangi la zamani lilikaa huenda sasa limejaa masanduku ya safari. Kuifunga ni ghali kuliko boila, ila England na Wales serikali inatoa ruzuku ya pauni 7,500. Ilikuwa 5,000 ilipoanza mwaka 2022, ikapandishwa Oktoba 2023. Hupewi mkononi, fundi aliyesajiliwa ndiye anayeiomba na kuikata kwenye bei yako. Mpangaji hana la kuamua hapa, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Kama unamiliki nyumba na boila yako bado nzima, kipo kipimo kisicho na gharama. Subiri wiki ya baridi kali. Kwenye boila tafuta joto la maji yanayokwenda kwenye radieta, siyo thamostati ya ukutani inayopanga joto la chumba, lishushe hadi nyuzi 50, kisha uache mfumo uwake muda mrefu. (Kama una tangi la maji ya moto, lile libaki 60, kwa sababu ya bakteria.) Vyumba vikibaki na joto la kutosha, radieta zako zinaweza kuishi na pampu, na gesi pia utakuwa umepunguza, maana boila za kisasa huchota joto la mvuke wake vizuri zaidi maji yakirudi yamepoa. Chumba kimoja kikipoa, umeshajua radieta ipi ya kubadilisha. Vikipoa vyote, panda darini na tochi.